Nimestaafu, simu imenyamaza, na mke wangu ananiambia nitafute watu

Habari Anti,

Mi ni mwanaume wa miaka 61, nina mke, watoto wameshakua wana maisha yao. Naandika hii meseji saa tisa usiku maana usingizi siku hizi ni wa shida na mke wangu kalala, sitaki kumuamsha kwa mambo ambayo nishamwambia mpaka kachoka kuyasikia.

Nimefanya kazi kwenye karakana moja ya magari makubwa karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nilianza kijana wa kushika tochi na kupitisha spana, nikapanda mpaka nikawa foremani, mafundi kumi na kitu wako chini yangu. Tulikuwa na utani wetu ambao mtu wa nje hawezi kuuelewa, kila mtu ana jina la karakana na wengine mpaka leo majina yao ya kuzaliwa siyajui vizuri. Alafu nilikuwa kocha wa timu ya mpira ya kazini. Sisi wa karakana na wale wa ofisini tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, ila uwanjani tukicheza na kampuni nyingine wote tunakuwa kitu kimoja.

Basi nikastaafu. Walinifanyia sherehe nzuri tu, hotuba, zawadi, picha. Nikasema sasa napumzika, na mwanzoni kweli nilipumzika. Alafu siku moja nafungua grupu la WhatsApp la karakana naona nimeondolewa. Najua hakuna ubaya, lile grupu ni la kupanga shifti na foremani mpya alikuwa analisafisha, wastaafu wote tuliokuwemo tumetolewa siku ileile. Lakini Anti nilikaa na ile simu mkononi sijui kwa muda gani, na nikashindwa hata kumwambia mke wangu kilichotokea.

Nikaenda kuwasalimia. Walifurahi kuniona, sidanganyi, ila kila mtu ana gari lake la kumaliza, wanaongea na mimi huku macho yako kwenye injini. Na kabla ya hapo mlinzi getini, kijana mgeni hanijui, alinipa kitabu cha wageni nijaze. Jina, namba ya simu, umekuja kumuona nani, sababu ya kuja. Nikajaza. Sijarudi tena.

Mke wangu yeye ana kwaya, ana kikundi chao cha wanawake wanaotembelea wagonjwa, ana wenzake wa mazoezi, simu yake haipoi. Alipolazwa nyumba ilijaa watu, huyu anafua huyu anapika yule anakesha naye hospitali. Mimi nilipofanyiwa operesheni ya ngiri walikuja watoto wangu na ndugu yangu mmoja, basi. Yeye ananiambia kila siku jiunge na watu, tafuta kikundi, na juzi nikamjibu kwa hasira kwamba wewe una watu wako niache na maisha yangu. Hajanijibu mpaka leo, yaani tunaongea lakini si kama zamani.

Kusema ukweli magrupu mi siyapendi. Majungu, michango, vikao visivyoisha. Na mtu mzima kwenda kubisha hodi kwa watu wasionijua naona ni kujipendekeza. Nilijaribu kwenda na wazee wenzangu wanaotembea asubuhi kwa ajili ya afya, wote wanajuana, wanacheka mambo yao ya zamani, nikarudi nyumbani mpweke kuliko nilivyotoka. Sasa nashinda kibarazani naangalia vijana wa jirani wanacheza mpira, hovyohovyo tu, mabeki wote wanaukimbilia mpira hakuna wa kuwapanga. Kitu pekee kinachonichangamsha ni kijana mmoja niliyemfundisha kazi, akikwama na injini ananipigia usiku, tunahangaika nayo kwenye simu mpaka gari linawaka. Siku hiyo nalala vizuri.

Anti, hii hali ni kawaida au nina ugonjwa? Nifanye nini niwapate tena watu wangu? Na hivi kweli ni lazima mtu awe kwenye vikundi, familia haitoshi?

Foremani Mstaafu

*

Kaka yangu Foremani,

Barua yako nimeisoma, nikafika kwenye kile kitabu cha wageni nikasimama. Mtu aliyeingia kwenye lile geti akiwa kijana, akawafundisha kazi nusu ya walioko ndani, anaulizwa sababu ya kuja. Kijana wa watu alikuwa anafanya kazi yake na wewe umelielewa hilo, ndo maana ulijaza bila ugomvi, lakini kuelewa hakuondoi maumivu na sitaki uyadharau haya maumivu yako hata kidogo.

Watu wengi wakimuona mstaafu kanyong'onyea wanadhani anaulilia mshahara. Wewe mshahara hujautaja hata mara moja, umeona? Umetaja majina ya utani, timu, watu wa ofisini mliokuwa mnavutana nao. Kilichoondoka ni jibu la swali la mimi ni nani, na jibu hilo hakuna binadamu anayejitungia peke yake chumbani, tunalipata kwa watu tunaosema nao "sisi". Kuna mwanasaikolojia alikuwa anaitwa Henri Tajfel, huyu alilichunguza jambo hilo kwa undani sana. Alizaliwa Poland, akapoteza karibu ndugu zake wote kwenye vita vya pili vya dunia, na swali la kwa nini watu wanagawanyika kuwa sisi na wao halikumtoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake wakachukua wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, wakawaonyesha michoro ya wachoraji wawili kisha wakawaambia nyinyi mko kundi la mchoraji huyu, nyinyi la yule. Ukweli ni kwamba walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu tu. Hawaambiwi nani mwingine yuko kundi lao, hawaongei, hakuna cha kugombania. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa kwa wengine, ambayo wao wenyewe hawapati hata senti, wakawapendelea wa kundi lao. Sasa kama "sisi" inaweza kuzaliwa kwa muda mfupi hivo kwa kitu kisicho na maana, fikiria ya kwako iliyojengwa kwa miaka mingi ya kulala chini ya malori, kushinda na kushindwa uwanjani pamoja, kuzikana na kuoleana. Na imekatika siku moja. Bila shaka itauma.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, ndiyo ni kawaida, na hauko peke yako kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 likasema mtu 1 kati ya kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kiwango kiko juu zaidi kwa vijana, hao wenye simu zilizojaa majina, kwa hiyo usidhani ni aibu ya uzee.

Ila kuna jambo lazima nikwambie hapohapo. Usingizi unakatika, umekaa tu kibarazani, una hasira na mtu unayempenda. Kama hiyo hali imeshapita wiki mbili na inakuandama karibu kila siku, hamu ya kula imepungua, au unapata mawazo kwamba hata usipokuwepo ni sawa, kaka nenda kamuone daktari wiki hii hii, usisubiri kikundi wala usisubiri jibu langu lingine. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika, na mtu anaweza kuwa mpweke na kuumwa kwa wakati mmoja, kimoja hakiondoi kingine.

Sasa nataka ujue kwa nini mke wako anasisitiza, maana sidhani kama anakusumbua bure. Kuna watafiti waliwafuatilia wastaafu 424 wa Uingereza kwa miaka 6 tangu waache kazi, matokeo yakatoka mwaka 2016, na walichokiangalia ni vikundi ambavyo mtu alikuwa navyo kabla ya kustaafu na vingapi alibaki navyo. Mtu aliyekuwa na vikundi viwili akavishika vyote, uwezekano wake wa kufariki ndani ya hiyo miaka 6 ulikuwa asilimia 2. Aliyepoteza kimoja, asilimia 5. Aliyepoteza vyote viwili, asilimia 12. Na uzito wake ulikaribiana na wa mazoezi ya mwili, yaani haya mambo ya kuwa na watu yalikwenda sambamba na yale ya kutembea na kukimbia. Hizo namba hazisemi kwamba wewe ndo utakufa, wala hazithibitishi kuwa kupoteza kikundi peke yake ndo kunaua, watu wana mambo mengi maishani. Lakini wewe ulikuwa na viwili, karakana na timu, na vyote vilikuwa nyuma ya geti moja. Kustaafu kumekuondoa kwenye vyote kwa mpigo.

Hapo ndo ulipo mzizi wa tatizo lako kwa jinsi ninavyoona mimi. Haukukosa kupendwa, ile sherehe ilikuwa ya kweli na ile furaha yao ulipowatembelea ilikuwa ya kweli pia. Ila watu wako wote ulikuwa nao sehemu moja. Mkeo ana kwaya, ana wale wa wagonjwa, ana wa mazoezi, kesho kwaya ikivunjika ataumia lakini keshokutwa bado kuna mtu atampigia amuulize mbona hujaja.

Umeniuliza kama familia haitoshi. Familia ni kitu kikubwa na hakuna atakayekaa mahali pake, lakini haitoshi, na nakujibu hivo kwa sababu nakuona unataka mke wako mmoja awe karakana, awe timu, awe na foremani wa kujadili naye injini. Hawezi, hata angekuwa malaika. Mwaka 1997 huko Marekani Sheldon Cohen na wenzake walichukua watu 276 wenye afya njema, waliojitolea, wakawawekea virusi vya mafua puani makusudi waone nani ataugua. Kabla ya hapo walikuwa wameshawauliza wana uhusiano wa aina ngapi, mume au mke ni aina moja, wazazi aina nyingine, majirani, wenzako wa kazi, wa dini, wa vikundi, na kadhalika. Waliokuwa na aina 1 mpaka 3 tu, hatari yao ya kupata mafua ilikuwa zaidi ya mara 4 ukilinganisha na wenye aina 6 au zaidi. Ona wanachohesabu hapo ni aina, kwamba huku wewe ni baba, kule ni jirani, pale ni kocha. Hata ukiwa na watoto kumi wote wanakupenda, kwa hesabu hiyo bado ni aina moja.

Kwa hiyo mkeo mrudie. Usimpelekee maelezo marefu, mwambie tu ulichoniambia mimi kuhusu grupu la WhatsApp na kile kitabu getini, maana nina uhakika hayo hajayasikia, yeye ameona hasira tu. Akijua umeumizwa wapi mtaongea vizuri.

Sasa tuje kwenye magrupu. Kwamba yana majungu na michango sikubishii, yapo mengine yanakula watu kabisa, unaingia kutafuta wenzako unatoka na madeni na maadui. Mi kikundi nakipima kwa kitu kimoja, ukisema hapana, mwezi huu sina, au hilo mimi sikubaliani nalo, je kesho yake watakusalimia vilevile? Kama wakikununia ondoka mapema. Lakini kaka wale wazee wa asubuhi hukuwapima kwa hilo, wewe umewahukumu kwa asubuhi moja, na kosa lao ni kwamba wanajuana. Si hata nyinyi karakana mlikuwa hivohivo? Mgeni angekuja siku ya kwanza angeelewa nini kwenye utani wenu? Kuna mtafiti anaitwa Jeffrey Hall, mwaka 2018 alichapisha makadirio ya muda ambao watu wanahitaji kukaa pamoja, akapata kama masaa 50 kutoka mtu wa kujuana tu kuwa rafiki wa kawaida, kama 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Kazini hayo masaa 200 mnayamaliza ndani ya miezi michache bila hata kujua, kwa sababu mnalazimika kuonana. Nje ya kazi hakuna anayekulazimisha, inabidi ulipie masaa yako kwa kwenda tena hata siku ambayo hujisikii. Na hata kabla hawajawa marafiki wana faida, wale watu wa salamu tu usiwadharau. Mark Granovetter mwaka 1973 alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, mara nyingi huyo mtu alikuwa wa kuonana naye mara mojamoja tu, kwa sababu rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, huyu wa mbali anatoka kwenye watu wengine.

Ila nadhani kuna sababu nyingine iliyokufanya urudi mpweke siku ile. Ulienda mikono mitupu. Ulienda kukaa na watu tu, na wewe si mtu wa kukaa na watu tu, samahani kwa kukusema hivo wakati hatujuani, lakini barua yako yote inasema. Karakana ulipoanza hawakukupenda kwanza ndo wakakupa tochi, walikupa tochi kwanza kwa sababu kuna mtu chini ya gari alikuwa haoni. Urafiki ukaja baadaye juu ya kazi. Wapo watu wanaoweza kuingia mahali wakaanza kupiga stori na dunia nzima, wewe huingilii mlango huo, wewe unaingilia mlango wa kuhitajika. Na ukienda mahali ambapo kuna kitu cha kufanya na wewe unakiweza, hapo hakuna kujipendekeza, unaenda kufanya kitu.

Ndo maana nimeisoma mara mbili ile sehemu ya vijana wa mpira. Umesema hovyohovyo, mabeki wote wanaukimbilia mpira, hakuna wa kuwapanga. Kaka, wewe ni kocha na umekaa kibarazani unaangalia mabeki wasiopangwa! Shuka hapo. Usiende na hotuba wala usijitangaze kocha, nenda kasimame pembeni ya uwanja siku mbili tatu wakuzoee, alafu mpira ukitoka mrudishie na umwambie yule beki wa kati abaki nyuma wenzake wakipanda. Kama wana mkubwa wao anayewaangalia, anza kwake, muulize kama anataka msaidizi, heshima ni kitu cha kwanza na wazazi nao wajue ni nani anashinda na watoto wao. Wakikukataa utakuwa umepoteza jioni kadhaa tu. Wakikukubali, jumamosi usipoonekana kuna watoto watakuja kugonga mlango kuuliza kocha yuko wapi, na hicho kitu cha kuulizwa uko wapi ndo unachokikosa sasa hivi kuliko kingine chochote.

Na yule kijana wa injini, tafadhali usimchukulie kama simu ya bahati ya usiku mmoja. Hiyo ni kazi ya mwalimu na bado unayo. Mwambie wazi kwamba unafurahi akikupigia, maana inawezekana anaogopa kumsumbua mzee aliyestaafu na anakwama mara nyingi zaidi ya anazokupigia. Muulize kama wapo wenzake wanaotaka kujifunza, mkutane siku za mapumziko yao, gari lolote bovu linatosha kuwa darasa.

Wale wa karakana walioko kazini hautawarudisha kama walivyokuwa, nakwambia ukweli ili usiende tena pale getini ukaumia upya. Kilichowaunganisha ni kazi na bado wako kwenye kazi. Unaweza kubaki na wawili watatu kama marafiki, wa kuwapigia mkakutana nje, siku ambayo mikono yao haina grisi.

Lakini kwenye barua yako kuna sentensi umeipita haraka sana, kwamba wastaafu wote waliokuwa kwenye grupu waliondolewa siku ileile. Wote. Maana yake kuna wanaume, na labda wanawake wa ofisini pia, ambao siku ile walikaa na simu mkononi hivohivo kama wewe na hawakumwambia mtu. Wanajua jina lako la karakana. Wanaelewa ule utani bila kufafanuliwa. Geti hawalihitaji na shifti hawana. Namba zao unazo kwenye simu, fungua grupu jipya uwaweke humo, hata wale wa ofisini mliokuwa mnavutana nao waweke. Kisha meseji ya kwanza usiandike habari zenu jamani, maana watajibu nzuri na litakufa hapohapo. Andika siku, saa na mahali pa kukutana, na uwaambie kuna vijana wana timu haina mabeki na wewe unatafuta mtu wa kukusaidia kufundisha.

Anti